Magari Juu ya Mawe

Kwa wanachama na walimu waliouliza kwa nini Jumamosi ile ya mwezi wa tano nusu ya chama haikufika kwenye mazoezi ya ngonjera, jibu ni hili: tulikuwa magharibi ya Sydney, ndani ya banda la mabati, tumepiga magoti vumbini tukichungulia chini ya gari ambalo halijatembea tangu kabla ya yeyote kati yetu kuzaliwa. Simu zetu hazikupatikana kwa sababu mtandao wa kule ni wa kubahatisha. Tunaomba radhi. Ngonjera tumeshaikariri.

Mambo yalianza na kioo cha pembeni. Mwenzetu mmoja anayesoma uhandisi ana Corolla ya mwaka 1998, ambayo kila mwanachama amewahi kuisukuma angalau mara moja. (Kwao Kenya isingeruhusiwa hata kushuka bandarini, maana gari lililozidi miaka 8 haliingizwi nchini, hapa anaringa nayo.) Kioo chake cha kushoto kiligongwa kikavunjika, akaanza kutafuta spea, na fundi mmoja akamwambia kuna mzee upande wa Badgerys Creek ambaye huenda anacho. Akaenda. Kioo hakukipata. Aliporudi jioni alikuja moja kwa moja jikoni kwetu tulikokuwa tukipika, hata kuketi hakuketi, akasema, "Jamani, nimeona kitu." Tukamuuliza ni kitu gani. Akatafuta neno, akalikosa, akachora kwa mikono yake umbo la paa refu sana.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa saba. Wanne ndani ya Corolla, watatu kwa treni hadi Leppington, kisha Corolla ikarudi kuwachukua. Ule upande wa mji unabadilika haraka. Uwanja mpya wa ndege umepandisha bei ya ardhi, na mashamba yaliyokuwa ya ng'ombe na mboga yamejaa mabango ya madalali na tingatinga za rangi ya njano. Shamba la mzee lilikuwa katikati ya hayo yote, na lenyewe lilikuwa limeshauzwa. Ilibidi mabanda yawe matupu ifikapo mwisho wa mwezi wa saba.

Mzee tulimkuta getini, amevaa sweta lenye matundu kwenye viwiko. Mwenzetu wa Pemba, kwa mazoea, akainama kidogo na kusema "Shikamoo, Mzee" kabla hajakumbuka yuko nchi gani. Basi ikawa kazi kueleza. Huku Australia kumwita mtu kwa umri wake mbele ya uso wake ni kama kumtukana. Kwetu ni kumpa cheo. Mzee alisikiliza, akafikiri, akakubali cheo. Tangu siku hiyo akitupigia simu hajitaji jina lake. Anasema tu kwamba ni Mzee anayezungumza, na hilo "Mzee" analitamka vizuri kuliko wengi wa mwaka wa kwanza.

Kisha akasukuma mlango wa banda.

Tumejaribu mara nyingi kueleza dakika zile 10 za mwanzo kwa wenzetu ambao hawakuja, na kila mara tunaishia kusema "ungekuwepo". Kwanza ni harufu: mafuta ya injini ya zamani, nyasi kavu, panya, ngozi ya viti iliyopasuka. Halafu ni mwanga. Mabati yalikuwa na matundu ya misumari, na kila tundu lilishusha uzi mwembamba wa jua hadi juu ya boneti fulani. Magari yote yalikuwa na rangi moja, rangi ya vumbi, hivi kwamba macho hayakuona rangi wala chapa, yaliona maumbo tu. Hapa bega la mviringo, pale kiuno, kule taa mbili kama macho ya mtu aliyeamshwa usingizini. Mtu ukisogea hatua moja, nyuma ya lile unaloliona linatokeza jingine. Hakuna aliyezungumza. Tulikuwa tunaogopa kuhesabu tusije tukafika mwisho. Mwisho wake yalikuwa 14.

Msisimko wake nadhani unatokana na hapo: hujui bado. Gari ulilokwisha kuliona makumbusho limeshaelezwa, lina kibao, lina mwaka, lina kamba ya kukuzuia. Baadhi yetu tumeiona Rolls-Royce ya Mwalimu Nyerere katika Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, tukaitazama kwa heshima na kusonga mbele. Lakini gari lililo gizani, chini ya vumbi lisiloguswa, linakufanya wewe ndiye wa kwanza kuuliza. Angalau ndivyo unavyojiona, na hilo tutalirudia, kwa sababu lilituponza.

Yote yalikuwa juu ya mawe. Tunatumia maneno ya nyumbani. Hapo bandani yalikuwa magogo na matofali. Wasomaji wetu wa Kiaustralia wanaojifunza lugha wayaandike haya kwenye madaftari yao. Kwetu gari likiharibika lisitengenezeke, mwenyewe huliinua kwa jeki, huyaondoa magurudumu na kuliacha juu ya mawe manne uani, akisema akipata fedha atalirudisha barabarani. Ndiyo maana hata mtu aliyefilisika au aliyeachwa na mchumba twaweza kusema yuko juu ya mawe. Watoto hucheza humo. Kuku hutaga humo. Mara nyingi fedha hazipatikani.

Magari yale hayakupangwa na mpenda sanaa. Ilituchukua muda kutambua kwamba yalipangwa na maisha. La nyuma kabisa, lililogusa ukuta, lilikuwa Holden FJ, gari la kwanza la Mzee, alilorithi kwa baba yake. Mbele yake Morris Minor. Kisha Mini mbili, kwa kuwa Mzee ujanani aliajiriwa katika kiwanda cha Zetland kilichokuwa kikiziunda. Kisha Leyland P76, kubwa kama meli, ambayo buti lake lilisifiwa kuwa linameza pipa zima la mafuta. Gari hilo liliundwa Zetland hapo hapo. Liliingia sokoni mwaka 1973, na mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa, wafanyakazi wakaenda nyumbani. Mzee alinunua lake baada ya kupoteza kazi. Tulimuuliza kwa nini ununue gari la kampuni iliyokufukuza. Akasema milango miwili ya gari lile huenda aliifunga yeye mwenyewe kwa spana yake.

Hapo baadhi yetu tulitazamana, maana tunapanga Zetland. Tunashuka kituo cha Green Square kila siku, tunapita kati ya maghorofa ya vioo yale, na hatukuwahi kujua kwamba tunalala juu ya kiwanda. Wengine tukaambiwa jambo jingine: Holden za Sydney ziliunganishwa Pagewood, mahali palipo leo duka kubwa la Eastgardens, tunakonunua mchele na unga. Kiwanda cha Pagewood kilifungwa mwaka 1980, na Holden ya mwisho kuundwa Australia ilitoka mwaka 2017 huko Australia Kusini. Nchi hii iliyowahi kuunda magari yake sasa inayaagiza kama sisi.

Baada ya P76 lilifuata Land Rover, kisha Foksi ya mgongo wa kobe, kisha Datsun 1600, ndugu wa ile iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1970. Na baada ya Datsun, pembeni kidogo, Pijo.

Ni Peugeot 404, lakini nani huko kwetu alisema Peugeot? Ni Pijo. Mwenzetu wa Bukavu alikuwa wa kwanza kulifungua, akafungua mlango wa kushoto akitafuta usukani, akakuta kiti kitupu. Kongo huendesha upande wa kulia wa barabara. Australia, Kenya na Tanzania ni kushoto. Tulimcheka. Dada wa Nakuru hakucheka. Alikuwa amesimama upande wa pili, mkono juu ya paa, na kwa muda mrefu hakusema kitu.

Babu yake aliendesha Pijo 404 ya paa refu, yenye safu tatu za viti, kati ya Nairobi na Nakuru, enzi ambazo kusema "nimekuja na Pijo" kulikuwa na fahari yake. Gari lile lilizeeka, likawekwa juu ya mawe uani, na dada huyu alikua ndani yake. Alituambia gia yake haikuwa sakafuni, ilikuwa kwenye nguzo ya usukani, na kwamba alijua kuzibadilisha zote nne kabla hajajua kusoma, bila gari kusogea hata inchi moja. Kisha akapelekwa shule ya bweni. Bei ya chuma chakavu ilikuwa imepanda, wanunuzi wakipita nyumba hadi nyumba na lori. Aliporudi likizo alikuta mawe manne.

Lile la Mzee halikuwa la paa refu. Lilikuwa la kawaida, la milango minne, la mwaka 1967. Hilo alilisema yeye mwenyewe mara tatu, kana kwamba kuna aliyebisha: "Si lile. Si lile, mnaona?" Lakini aliketi, na mkono wake ulipanda wenyewe kwenye nguzo ya usukani.

Mzee naye alikuwa na sababu yake ya kupenda Pijo. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 8, baba yake alimshika mkono wakaenda uwanja wa maonyesho wa Moore Park kutazama magari yakianza mashindano ya Redex, ya kwanza ya kuzunguka Australia, zaidi ya kilomita 10,000, nyingi zikiwa vumbi na mawe. Mshindi hakuwa Holden wala gari kubwa la Kimarekani. Alikuwa mfamasia wa Maitland, Ken Tubman, na mwenzake John Marshall, katika kigari kidogo cha Kifaransa, Peugeot 203. Mtoto yule akaamua kwamba siku moja atakuwa na Pijo.

Sasa hesabuni. Ni mwaka huo huo, 1953, ndipo yalipofanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya Afrika Mashariki yaliyokuja kuitwa Safari, kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalianzishwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, jambo ambalo vumbi la kwetu halikulijali. Pijo 404 ilishinda Safari mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu kila mara, na katika miaka hiyo yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff, wakiwa na 404. Ushindi wa 1966 na 1967 ni wa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanganyika ya zamani, Tanzania ya wakati huo. Mzee hakuwa akijua hayo. Sisi hatukuwa tukijua ya Redex. Tulisimama pale, wazawa wa Nakuru, Pemba, Bukavu, Tanga na Parramatta pamoja na mstaafu wa Zetland, tukigundua kwamba wazee wetu walikuwa wakishangilia chapa moja juu ya tope la aina moja.

Tulirudi mjini usiku tukiwa weusi kwa grisi na wenye furaha ya kijinga. Na hapo ndipo tulipokosea.

Pengine mmesikia kisa cha Ufaransa. Mwaka 2014, katika shamba moja la magharibi ya nchi hiyo, yalikutwa magari ya Roger Baillon, mfanyabiashara wa malori aliyekuwa amefariki, yakiwa yamekaa miaka mingi katika vibanda vilivyomezwa na mimea. Yalipopigwa mnada Paris mwezi wa pili mwaka 2015 yalikuwa karibu 60, na Ferrari moja iliyokutwa chini ya rundo la magazeti iliuzwa kwa zaidi ya yuro milioni 16. Picha zake zilizunguka dunia. Sisi tulikuwa na picha zetu. Tena nzuri: nyuzi za jua, vumbi, taa kama macho. Tukaziweka kwenye ukurasa wa chama, na chini yake tukaandika kwa Kiswahili na Kiingereza kwamba tumegundua mkusanyo wa magari uliosahauliwa. Hatutamtaja aliyebonyeza, kwa sababu sote tulizichagua na sote tulizisambaza. Katika picha moja lilionekana geti, na kwenye geti kisanduku cha barua chenye namba.

Siku 8 baadaye Mzee alipiga simu. Watu waliingia usiku. Walichukua taa za Holden, usukani wa P76, na nembo. Holden ana simba. Peugeot ana simba. Simba wote wawili wameng'olewa. Alitueleza kwa sauti ile ile ya kawaida, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Hakutaja picha.

Hatuna ushahidi kwamba ni sisi. Tulilisema hilo kati yetu mara nyingi usiku ule, na kila lilivyorudiwa ndivyo lilivyozidi kunuka. Tukazifuta picha. Mwalimu wetu mmoja aliposikia alitukumbusha jambo ambalo lilikuwa puani petu. Jumba la Tramsheds, kule karibu na Harold Park, tunakokwenda kula siku za mishahara, lilikuwa depo ya tramu ya Rozelle, iliyofunguliwa mwaka 1904 na kufungwa mwaka 1958. Sydney iliua tramu zake zote ilipofika mwezi wa pili wa 1961. Tramu chache za zamani zilibaki zimeegeshwa ndani ya depo ile miaka na miaka. Wapenda vitu vya kale wakaingia kwa siri kuzitazama na kuzipiga picha. Nyuma yao wakaingia wengine, vioo vikavunjwa, ubavu wa kila tramu ukapakwa rangi za makopo, vyuma vikang'olewa. Tangu 2016 ni jumba la vyakula, na ndani imewekwa tramu moja iliyotengenezwa upya. Tumekula ndani ya tramu ile. Hatukujiuliza nyingine zilienda wapi.

Jumapili tulikwenda kuomba msamaha. Tulikuwa tumepanga maneno, na mwenzetu wa Pemba, kwa kuwa ndiye mwenye adabu kuliko sisi, alichaguliwa kuzungumza. Mzee alitupikia chai. Alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaomba tumsomee tena kile tulichoandika chini ya picha. Tukasoma. Akarudia neno moja: limesahauliwa. "Limesahauliwa na nani?" akauliza. "Mimi huingia mle kila Jumapili."

Ni kweli. Mlangoni palikuwa na kiti, na kando ya kiti redio, na juu ya redio hapakuwa na vumbi. Tulikuwa tumepita kando ya kiti kile mara 20 na hakuna aliyekiona, kwa sababu hakikuwa sehemu ya hadithi tuliyokuja nayo.

Ingekuwa watu wengine wamefanya hivyo tungeelewa. Lakini sisi! Sisi ambao tangu darasa la nne tumechekeshwa na habari ya Speke "kugundua" ziwa mwaka 1858, huku watu wakivua humo sangara na ngege... sangara hapana, sangara aliletwa baadaye, mwanachama wa Mwanza ametusahihisha. Ngege basi. Sisi tunaosoma katika mji ambao hadi leo una sanamu ya Cook, aliyeingia Botany Bay mwaka 1770 na kukuta watu wanaota moto. Shamba lenyewe la Mzee ni ardhi ya Wadharug, na yeye ndiye aliyetuambia. Tunalijua neno hilo kutoka upande wake wa chini. Hata hivyo tulipofunguliwa mlango wa banda, lilikuwa la kwanza kutoka mdomoni.

Mzee hakutaka fidia. Alisema kama tunataka kusaidia, tulete kalamu. Binti yake anaishi mbali, mnunuzi wa shamba anangoja, na hakuna mahali palipoandikwa gari lipi ni lipi. Kwa hiyo kwa Jumapili 6 tuliandika. Namba ya chasisi, mwaka, limetoka wapi, limefika wapi, nani alizaliwa likiwa njiani kwenda hospitali (ni Foksi), kwa nini lilisimama. Nakala ya Kiingereza ni ya binti yake na ya klabu za magari alizotaka ziarifiwe. Nakala ya Kiswahili ni yetu, na iliibua ugomvi mtamu kuliko mdahalo wowote wa mwaka huu.

Ugomvi ulikuwa juu ya neno la kuyaita. Wakenya walitaka mikweche. Tukasema mkweche ni gari la kuchekwa, na mwenyewe yupo amesimama. Kuukuu ni la nguo na viatu. Chakavu ni neno la wale wenye lori waliochukua Pijo la Nakuru. La kale linanusa magofu ya Kilwa. Tulikubaliana na kongwe, kwa sababu lina umri na lina adabu, na mzee wa kijiji naye huitwa mkongwe. Mzee alipotafsiriwa alisema P76 si kongwe, ni mkweche, na amelisema hilo tangu 1974. Tukaandika alivyotaka. Mwenzetu wa Tanga naye alitukumbusha kwamba usukani ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa gari. Ikawa hakuna anayeweza tena kuandika "usukani umeibwa" bila kuona chombo kinachozunguka baharini.

Magari yalianza kuondoka mwezi wa sita. Holden FJ alichukua binti, bila taa. P76 ilichukuliwa na mtu mwenye nyingine mbili, ambaye alilia waziwazi, nasi tukatazama pembeni. Pijo lilipata mtu kutoka kaskazini, anayefufua 404 yake mwenyewe na aliyehitaji milango, sanduku la gia na kiti cha mbele. Hakuficha: atalikata. Kitakachobaki kitakwenda kwenye chuma chakavu. Mzee alimtazama dada wa Nakuru kabla ya kujibu, maana alikuwa amesikia habari ya mawe manne. Tulikuwa tumeiandika katika daftari, kwenye ukurasa wa Pijo, kwa ruhusa yake. Angeweza kusema hapana, na Mzee angekataa, tuna hakika. Lakini angelipeleka wapi? Anaishi chumba kimoja Kensington, ghorofa ya tatu.

Akasema, "Basi milango itatembea." Mzee akamwambia yule mtu alichukue.

Siku ya kulichukua ilinyesha. Mwenye Pijo mpya alikuja na trela, na winchi yake ikagoma kabisa. Tulikuwa tumeshalivisha magurudumu ya kuazima na kuliteremsha kutoka juu ya magogo, lakini breki ya nyuma ilikuwa imeshikana kwa kutu, na gari likakaa pale kama punda. Tukajipanga: watatu nyuma, wawili kila ubavu, Mzee kwenye usukani kwa amri yake mwenyewe. Tukasukuma kimyakimya kama watu wa maktaba. Halikusogea. Ndipo mtu wa Bukavu, ambaye hata si Mkenya, akapaza sauti: "Haraaambee!" Na sote, bila kuambizana, "Heee!" Likasogea shibri moja. Tena. Gurudumu la nyuma likapiga yowe, likaachia, na Pijo likatoka bandani kwenye mvua, vumbi la miaka likichuruzika ubavuni, na chini yake ikaonekana rangi. Ni kijani kibichi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameandika rangi.

Wengine walikuwa wakifunga kamba kwenye trela. Dada wa Nakuru alirudi ndani, akayaokota yale magogo manne lilipokuwa limesimama Pijo, akayapanga ukutani moja juu ya jingine ili yasizuie magurudumu ya gari linalofuata.

Mzee alishuka, amelowa hadi kwenye viwiko vya sweta, akatuuliza lile neno tulilopiga kelele lina maana gani. Tulimweleza. Akalijaribu mara mbili, akalipata. Kisha akaelekeza mkono bandani na kusema yamebaki 9, na Land Rover ndilo zito kuliko yote.